Siku Walipokuita Kuonja Kikombe cha Nne

Baba yangu uliyelala kaburini Suma,

Jana nilikaa upande wa wanaouliza maswali, mbele ya vijana wanaotaka kazi ya kuonja chai. Wa kwanza alipoingia nilishindwa kuanza, kwa sababu nilikuona wewe.

Unakumbuka jinsi habari zilivyotufikia. Kiwanda cha chai kilikuwa kimeuzwa kwa kampuni binafsi, na wewe, baada ya miaka yote ile kwenye mashine ya kukaushia, ukapunguzwa kazini. Mwaka haukuisha, tangazo likabandikwa posta ya Tukuyu: wanatafutwa waliomaliza kidato cha nne wajifunze uonjaji. Niliogopa kukuambia. Nilidhani utaona nakwenda kuwabembeleza waliokutoa. Ulisoma ile karatasi niliyonakili, ukaikunja, ukasema, "Basi kesho tutoke mapema. Njia ina matope."

Enzi zako kazi ilitaka mtu wa kukushika mkono. Siku ile hakuna aliyeniuliza mimi ni mtoto wa nani. Walitupa hesabu, wakatunusisha vichupa tukiwa tumefumba macho, wakatuonjesha maji yenye chumvi kidogo mno. Kila hatua wengine waliambiwa waende nyumbani. Kufika saa nane nilibaki mimi na wenzangu wawili, na wewe ulikuwa bado nje, umejibanza ukutani, mvua inakulowesha.

Chumba cha mwisho kilikuwa cheupe kama zahanati. Vikombe sita vilipangwa mezani. Mwonjaji mkuu, mzee mfupi wa Tanga, alifyonza chai kwenye kijiko kwa sauti, akaitema ndooni. Kisha akaniambia, "Kimoja kina kosa. Kipi, na kosa gani?"

Nilionja vyote mara mbili. "Cha nne. Chai imeungua kwenye kukaushwa."

"Umejuaje?"

"Baba alikuwa kwenye mashine hiyo. Harufu hiyo naijua."

"Yuko wapi?"

"Nje hapo."

Akafungua mlango mwenyewe. "Shikamoo mzee. Karibu ndani, utusaidie."

Uliingia umevua kofia, ukaifuta miguu yako mara nyingi. Miaka yote ulikausha chai kiwandani mle, chumba kile hukuwahi kukikanyaga. Ulikunywa chai ya kikombe cha nne taratibu, ukaimeza. Kisha ukasema, "Moto hauna kosa hapa. Majani yalishindiliwa kwenye gunia, yakapata joto shambani kabla hayajafika. Waliochuma walichelewa kubebewa."

Mzee yule aliweka kijiko chini. "Ndivyo. Walichelewa siku nzima." Akanigeukia. "Na wewe, binti, unasemaje sasa?"

Kazi niliiona inaondoka. Ningeweza kushikilia jibu langu. Nikaonja tena, na safari hii nikaipata, ladha ya jani lililochoka, nzito nyuma ya ulimi. "Nilikosea," nikasema. "Baba yuko sahihi."

Sijui kama walinichukua kwa sababu ya jibu la kwanza au la pili. Ninachojua ni kwamba mwili ulinisisimka. Nilikuwa nimeishi na wewe miaka kumi na tisa, nikakuona mtu wa kupakia kuni na kurudi na nguo zinazonuka moshi. Kumbe ulikuwa unaweza kunywa funda moja ukaona shamba, gunia, na watu waliosimama juani wakingoja gari.

Njiani kurudi hukuzungumzia mambo hayo. Ulitembea mbele yangu, kisha ukauliza, "Ile chai, wakishaionja, wanaitema yote?"

"Yote, baba."

Ulisimama barabarani. "Ndaga," ukasema kwa lugha ya kwetu, kama mtu anayeshukuru asichokielewa, ukacheka mpaka ukashika mgomba wa watu.

Nimefanya kazi na waonjaji wengi tangu hapo, wengine wamesomea ng'ambo. Nawaheshimu. Lakini bado sijaketi na mtu akanifanya niogope kwa furaha kama nilivyoogopa siku ile, nikikutazama ukimeza.

Pumzika, baba.

Binti yako uliyemsindikiza