Kiti cha Chelo

Chumbani kwangu, 9 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi, na lile goti lako liwe limepoa. Mimi ni mzima wa kutembea, si wa kukimbia.

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Sikulaumu. Siku naondoka ulisimama mlangoni ukaniambia, "Ukienda kuipigia chelo hiyo nyimbo za walevi, usinitafute." Na mimi ndiyo kwanza nakutafuta. Damu ni nzito, hata ikikasirika.

Acha nikueleze kazi yenyewe, maana najua unaiwazia vibaya kuliko ilivyo. Ukumbini wanawasha mishumaa ya betri, inawaka bila kuyeyuka, kama baadhi yetu Wakristo. Sisi wanne tunakaa katikati, nguo nyeusi kama wafiwa. Fidla ya kwanza ni kijana tunayemwita Profesa, amesomea muziki. Fidla ya pili na fiola, ile fidla nene kidogo, ni mume na mke, wanagombana kwa macho tu, wimbo mzima. Chelo, sauti ya chini kabisa, ni mimi. Hakuna anayeimba. Tunapiga nyimbo za roki kwa nyuzi tu, na kwa kuwa hatuna ngoma wala gitaa zito, hivyo vyote ni mimi. Napiga ubavu wa chelo kwa kiganja, nakwaruza nyuzi karibu na daraja, kile kibao kinachozinyanyua, mpaka singa za upinde zinakatika na kuning'inia kama ndevu za mbuzi. Nyimbo ni zile zile kila jioni. Bega la kulia nikiinua kikombe linalalamika.

Kaka, nimechoka. Mkataba unaisha mwisho wa Juni, na meneja anataka nisaini miaka miwili mingine. Mimi nataka kurudi. Na si kurudi nyumbani tu, nataka kiti changu kanisani, kile cha nyuma yako, kushoto kwa kinanda. Wewe ndiye kiongozi wa nyuzi. Ukisema njoo, sisaini.

Nisalimie wifi, mwambie vitambaa alivyonishonea bado navitumia kufuta ulimbo wa upinde kwenye nyuzi.

Mimi mdogo wako


Chumbani, 6 Machi

Kaka,

Salamu nyingi za upendo. Goti je? Hapa kuna baridi ya kuingia kwenye viungo, lakini Mungu ananiamsha kila siku, sina cha kudai zaidi.

Hujajibu. Basi nikuchekeshe.

Unajua kinanda chetu cha kanisani kilivyo, kimekaa chini nusu sauti tangu tukiwa watoto, na sisi sote tunalegeza nyuzi kukifuata. Nilipofika huku na kuambiwa nikaze kama watu wengine, nilidhani nyuzi zitanirukia usoni. Mpaka leo kila kitu naona kinapigwa juu, kama mtu anayeongea huku ameinuliwa kwa kola.

Sasa juzi Profesa kaleta wimbo mpya. Akasema wenye wimbo walikuwa wamelegeza magitaa yao nusu sauti, kwa hiyo na sisi tulegeze. Tukalegeza. Wenzangu wakapotea kabisa. Vidole vinakwenda panapostahili, masikio yanakataa. Mke akamwambia mume, "Leo ndiyo umepiga vizuri, maana umekosea na sisi wote."

Mimi? Kaka, ilikuwa kanisani kwetu. Sauti ile ile. Nilifumba macho. Jioni, ukumbi umejaa, Profesa kanipa ishara niuanze ule wimbo wa roki, na mkono wangu ukaanza wimbo wetu wa sadaka. Wenyewe, bila kuniuliza! Nimeufikisha mstari wa pili ndipo nikashtuka. Watu wakapiga makofi, wakadhani ndivyo ulivyo. Tulipotoka Profesa kaniuliza, "Mama Chelo, kile ulichoanza ni nini?" Nikamwambia, "Sadaka, mwanangu." Akasema, "Basi ungepitisha na kapu!"

Nilicheka na wenzangu. Halafu nikaja chumbani nikalia mpaka nikasahau kula.

Mdogo wako


Nyumbani, 29 Machi

Mdogo wangu,

Amani ya Bwana iwe nawe. Sisi hatujambo, ila goti halisikii dawa wala maombi. Wifi yako anasema linakufuata wewe kwa ukaidi.

Barua tatu nilizisoma nikaziweka. Hii ya kinanda imenishinda. Nilimsomea wifi yako, nilipofika kwenye sadaka nikampa karatasi amalizie yeye. Alipomaliza akaniambia, "Sasa wewe mwanamume umebaki na hasira ya nini? Mtoto wa watu mkono wake haujatoka kanisani."

Tangu uondoke tunapiga kama nyumba isiyo na msingi. Fidla sita zote juu, chini hamna kitu. Kiti chako kipo. Mzee wa nidhamu anawekea kofia yake, na mimi kila Jumapili naiondoa, naye kila Jumapili anairudisha. Hatujawahi kusemezana juu ya jambo hilo.

Kwa upande wangu, njoo. Lakini kiti si cha kwangu peke yangu, ni cha kanisa. Jambo hili nitalipeleka kwa wazee wa kanisa. Usisaini bado.

Kaka yako

Wifi, ni mimi mke wa kaka yako, nimechomeka neno kwa chini. Kula. Barua yako ina njaa.


Chumbani, 11 Aprili

Kaka yangu,

Mungu akubariki mpaka kwenye hilo goti. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Meneja nimemwambia asubiri. Anaguna, lakini anasubiri.

Bega bado. Ila jana nilipiga nyimbo zote zile na sikuuchukia hata mmoja.

Wifi, nimekula.

Mdogo wenu


Nyumbani, 17 Mei

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina lake aliye juu. Nisamehe kuchelewa, wazee wamekaa vikao viwili na mimi nilitaka nikuandikie neno zima, si nusu.

Neno lenyewe ni hili. Wanakubali urudi kwenye kiti, kwa sharti. Jumapili ya kwanza usimame mbele ya watu wote useme kwamba muziki uliokuwa unaupiga huko ni wa Shetani, na kwamba umeukana. Baada ya hapo mchungaji akuombee, ukakae.

Niliwaambia, "Lakini hata maneno haimbi, anapiga nyuzi tu." Mzee wa nidhamu akasema, "Nyoka naye haongei." Watu wakacheka, na penye kicheko hoja yangu ikafia hapo hapo.

Mdogo wangu, ni sentensi moja tu. Mimi ningeisema. Useme haraka, ukae, tupige. Nyuzi za chelo nimekwisha kukuulizia.

Kaka yako


Chumbani, 30 Mei

Kaka,

Salamu kwako na kwa wifi. Mimi nipo, namshukuru Mungu kwa hilo.

Nimeijaribu ile sentensi. Nimeisema mbele ya kioo, nikaisema tena kwa haraka kama ulivyoshauri. Haitoki, Kaka. Ikitoka inakuwa ya mtu mwingine.

Si kwamba naipenda roki. Nyimbo nyingine ni kelele tupu, na upo mmoja nikiusikia hata dukani natoka. Lakini toka siku ya kwanza sijawahi kufungua begi la chelo huku bila kuweka mkono juu yake na kuomba. Wenzangu wameshazoea. Profesa, ambaye hasali, akiniona nimeinama huwa anawanyamazisha wengine: "Shh, Mama Chelo yuko kwenye simu." Jioni zote hizo nilimwomba Mungu aushike mkono wangu, na nilimwona akiushika, maana kwa nguvu zangu nisingefika mwisho wa wiki.

Sasa nikisimama pale niseme ilikuwa kazi ya Shetani, muda wote huo aliyekuwa ananisikiliza alikuwa nani?

Waambie wazee nitasimama. Nitasema nimechoka, nilikaa mbali, niliwakosa. Nitasema niliondoka bila baraka ya kaka yangu na hilo liliniuma. Hayo ni kweli yote. La Shetani siwezi, hata kwa ajili ya kiti.

Wabembeleze. Wewe unajua kuongea nao.

Mdogo wako


Nyumbani, 14 Juni

Mdogo wangu,

Bwana akutie nguvu. Hatujambo.

Wamekataa. Tulipoulizwa nani anakutetea, mkono ulikuwa wangu tu, na ulibaki juu muda mrefu mpaka nikaona aibu kuushusha. Mzee wa nidhamu akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma, "Ndugu, kiti si cha ukoo."

Nilirudi nyumbani nikataka kuifungia fidla kabatini, niwaachie. Wifi yako kasimama mbele ya kabati: "Na wewe ukitoka, atakayebaki kumkumbuka ni nani?" Nikairudisha mezani.

Saini tu, mdogo wangu. Angalau huko wanakupa mahali pa kukaa. Mimi sina tena la kukupa.

Kaka yako


Chumbani, 24 Juni

Kaka yangu,

Nakusalimu na kukushukuru kwa huo mkono. Usione aibu. Mimi ndiye niliyetakiwa kuona aibu kukuachia uuinue peke yako.

Sikusaini. Meneja kanitazama kama mtu aliyeona ng'ombe akipanda ngazi. Profesa kaniuliza, "Mama Chelo, si wamekukatalia? Unarudi kufanya nini?" Nikamwambia narudi kwetu. Akanibebea begi mpaka mlangoni, na yule mume na mke walitoka kuniaga wakiwa hawagombani, nikajua kweli naondoka.

Nitafika Jumamosi. Jumapili nitakuja kanisani bila chelo. Kofia ya mzee iache pale pale, usiiguse tena.

Wazee wamekataza kiti. Benchi hawakulikataza. Nitakaa la nyuma kabisa, na akina mama wenye watoto wachanga, ambako hata mtu akikosea hakuna anayejua. Mkianza wimbo nitaimba sauti ya chini kwa koo langu, kadiri litakavyofika. Wewe piga fidla yako. Usigeuke kunitafuta, utakosea.

Mdogo wako