Pete ya Nyanya Yako na Dhahabu ya Maji Mekundu

Mbwajumali, Kisiwa cha Pate,
Kaunti ya Lamu.
9 Novemba 2024

Mpendwa mjukuu wangu Jepchirchir,

Nakusalimu kwa heshima katika jina la Bwana, nikitumaini u mzima huko Nairobi na unakula kwa wakati. Mimi sijambo, ila magoti hunilaumu kila nipandapo ngazi. Uniwie radhi kwa kuchelewa kujibu. Sikukupuuza, barua yako nimeisoma hata karatasi imelegea mikunjoni, na bado sijaielewa.

Unasema maabarani mnaiyeyusha dhahabu kwa asidi kali, kisha mnaichemsha na chumvi ya ndimu, nayo inarudi ikiwa chembe zisizoonekana kwa macho, na maji yanakuwa mekundu. Misheni walitufundisha, nami nikaja kuwafundisha watoto wa huku, kwamba dhahabu husafishwa kwa moto. Nilimwuliza Bwana Idarus, sonara wa mji wa Amu, naye akacheka: "Mwalimu, dhahabu nyekundu ina shaba! Mjukuuo kauziwa mbuzi guniani." Nilikutetea, ingawa sikujua natetea nini.

Kisha mnazivisha chembe hizo nyuzi za vinasaba, ili zitambue ugonjwa katika tone la damu. Vinasaba vya nani, mjukuu wangu? Chumvi nyingine, ya kuzishikiza nyuzi hizo, mnaitia kidogo kidogo, kwani mkifanya pupa maji hugeuka buluu na kazi yote huharibika. Mwisho mnazizungusha chembe kwa mashine hadi zitulie chini, mnamwaga maji ya juu pamoja na nyuzi zilizosalia, mnaziosha tena na tena. Nyanya yako aliosha mchele hivyo. Hapo tu ndipo nilipopata pa kushika.

Lakini katika ukurasa uo huo, bila hata kuvuta pumzi, unaomba pete ya ndoa ya marehemu nyanya yako, kwa "jambo la Desemba". Jambo gani? Jirani yangu Bi Tima amenicheka pia: "Asidi gani, Mwalimu? Mwana ataka kuolewa!" Huenda. Hata hivyo naiona pete ile ikiyeyuka, nami sina kingine alichokivaa.

Nimeamua kuituma. Ikiwa ni ya kidole, nitakuja kukubariki, magoti yapende yasipende. Ikiwa ni ya chupa, nakusihi usitie chumvi kwa pupa, na uniwekee tone moja nilione.

Nisalimie mama yako Jerioth na mjomba wako Ronald. Mungu akutangulie nyumbani na maabarani.

Wako akupendaye, asiyeelewa,
Babu Kipchumba

Barua hii na pete anavichukua Bi Tima mwenyewe, aendaye huko kumtazama bintiye. Pete ameifunga katika pindo la leso yake, na amekula yamini kwamba hatalifungua kabla hujamwambia ni ya nini.