Nimetiwa Hatiani, Adhabu Bado

Alhamisi, Nyamwaga. Mvua imenyesha toka asubuhi na mimi nina hasira toka juzi.

Juzi hakimu alinitia hatiani kwa kumkata panga mkononi jirani yangu Marwa. Adhabu hakusoma. Alisema anasubiri taarifa ya afisa ustawi wa jamii, dhamana iendelee. Nje nikamuuliza karani, sasa mimi ni nani? Mshtakiwa?

"Huko ushatoka, mzee. Umepatikana na hatia."

Basi mfungwa?

"Bado. Unasubiri adhabu."

Kumbe mtu anaweza kukaa hapo katikati, akala, akalala, akachunga ng'ombe.

Vijana wa bodaboda hawakuhangaika na majina. Leo nimepita kijiweni, mmoja akapiga honi: "Shikamoo, mfungwa mtarajiwa! Unavaa ndala namba ngapi tukuandalie?" Wakacheka. Nikainama kuokota jiwe. Nikauona mkono wangu, ni uleule. Nikaliacha.

Lakini aliyeniudhi zaidi ni binamu yangu Chacha. Ndiye alisema tukitoa ng'ombe mbele ya wazee wa ukoo, kesi imekufa. Tukatoa, nyama ikaliwa. Mahakamani nikasimama kifua mbele: "Mheshimiwa, hayo tulishamaliza nyumbani." Akauliza, mlimaliza nini? Nikaeleza yote mwenyewe, mpaka panga nililitoa wapi. Nilidhani namsaidia aifunge kesi.

Leo Chacha karudi. Afisa anakuja kesho, na yeye ameshawapanga majirani.

"Mura, ndugu yangu, wote watasema wewe ni mpole, Marwa ndiye alikuanza. Wewe inamisha kichwa tu, uonekane mnyonge."

Nimemfukuza. Mke wangu akaniuliza, nikifungwa watoto watakula nini.

Marwa hakunianza.

Ng'ombe wake waliingia kwenye mahindi yangu. Alikuja mbio kuwatoa, huku ananiomba msamaha. Nilimkata mkono ulioshika fimbo.

Sasa hasira hii yote ni ya nani?

Watu wanalima mvua hii. Toka hapa uani namwona mke wa Marwa ameshika plau, Marwa anaongoza maksai kwa mkono mmoja. Plau inamyumbisha yule mama. Huwa nageuza macho.

Yule ng'ombe nilimtoa ili nisimwangalie Marwa usoni. Pole sijawahi kumpa. Hata siku ya wazee nilisemewa.

Kesho afisa atasikia kwangu mwenyewe nilivyofanya, wanifunge wasinifunge. Lakini kabla hajafika nakwenda kwa Marwa. Bila Chacha, bila wazee, bila ng'ombe. Akikubali nitashika hiyo plau. Akinifukuza, ana haki.

Ila najua atakachofikiria akiniona mlangoni. Atadhani natafuta kupunguziwa adhabu. Nimechelewa kiasi hicho, mpaka pole yangu inanuka mahakama.

Nitaitoa hivyohivyo, na harufu yake.