Barafu Yako na Mama Yetu

Ipogolo, Iringa
13 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Evarista,

Kamwene! Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Norwe, na kile kikohozi kimekuacha? Sisi tu wazima, ila upepo wa Julai hautuachi na magoti ya Mama yanamsumbua asubuhi. Nimeandika kwenye karatasi makusudi. Ningekutumia sauti kwenye simu Mama angesikia, na haya si ya masikio yake.

Mdogo wangu, nina wivu na wewe. Nimelisema, nipumue.

Tangu umtumie ile sauti ya kueleza kwamba zamani sana, kabla hata ya wanyama, dunia nzima iliganda mpaka Ikweta, nyumba hii haina habari nyingine. Mgeni akikaa tu, Mama ananiita nimbonyezee simu. Nimeshaikariri: mawe yaliyoburuzwa na barafu yameonekana hata sehemu zilizokuwa karibu na Ikweta, bahari ikaganda juu, kisha hewa ya volkano ikarundikana mamilioni ya miaka hadi joto likarudi. Mimi nimeshona sare za kwaya nzima ya parokia, na hakuna mgeni aliyeitwa kuziona.

Jumapili iliyopita kwenye jumuiya, Mama akatangaza kuwa unasomea barafu. Jirani yetu Mama Aroni akadhani ni zile za ukwaju za kwenye vifuko. "Sasa huko kwenye baridi yote hiyo," akauliza, "nani ananunuaga barafu?" Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mama hakucheka. Akawasomesha wote pale hadi chai ikapoa, halafu Mama Aroni akanigeukia: "Na wewe Faustina, unasomea nini?" Kicheko kikaniishia.

Basi nikawatafuta wabaya wako. Nimesoma kwamba wapo wataalamu wanaosema bahari ya Ikweta haikuganda yote, ulibaki mkanda wa maji wazi, la sivyo viumbe vidogo vya baharini vya wakati huo, vilivyoishi kwa jua kama majani, vingepata wapi mwanga? Wengine wanadai dunia ilikuwa imelala ubavu, ndiyo maana Ikweta ikawa na baridi kuliko ncha zake. Hao wa ubavu sikuwaelewa vizuri, lakini wa maji wazi ninawaombea ushindi kila siku. Nikamweleza Mama. Akanijibu, "Ngoja kwanza tumuulize Evarista, yeye ndo anajuaga."

Na sasa umemwalika kwa miezi mitatu. Pasipoti imetoka. Gauni la safari ninalishona mimi, na juzi nililikata fupi kwa hasira, ikabidi niongeze kitambaa kwenye pindo. Anauliza kama utampeleka kuiona barafu yenyewe. Hajauliza mimi nitakula na nani.

Nakuomba jambo moja. Akifika atakuuliza nani mkweli, nyinyi au wale wa maji wazi. Umekiri mwenyewe kwamba bado mnabishana. Basi usimzungushe na habari za mawe. Mwambie, "Mama, sijui." Mimi nimemwambia hivyo maisha yangu yote, na jicho analoniangalia nalo nalijua. Nataka na wewe akuangalie hivyo, hata mara moja.

Wanakusalimu kaka Philbert wa Mbalizi, shangazi Eveline na watoto wao wote. Mungu akutunze ugenini na akupe afya.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikinuna,

Faustina