Injini Iliyonishinda

Jumanne.

Hakuna injini iliyowahi kunishinda mimi, kuanzia Nanyala hadi Tunduma. Hata mashine za kusaga za kule Nakonde, ng'ambo ya mpaka, nimezifufua.

Leo daktari ananiambia kwamba ndani ya askari wa kinga mwilini mwa mke wangu mna vijiinjini vya kutengeneza nguvu. Vimeharibika, vinawachochea askari, nao wanamshambulia yeye mwenyewe. Ndiyo maana viungo vimevimba.

Nikamuuliza, "Vinazimwa wapi?"

"Havizimwi, mzee. Vikizimwa, na yeye anazimika. Tutavituliza kwa dawa tu."

Nikabisha sana. Mke wangu akacheka. "Baba Tumaini, mimi si mashine yako ya kusaga."

Jioni ameshindwa kufunga vifungo vya gauni, nikamfungia. Vidole vyake vina moto kama injini iliyokosa maji.

Nimevishika tu. Mimi, fundi mkubwa, nimevishika tu.