Ile Glasi Haikuwa Kahawa

Nyie mliolala, amkeni mkamwangalie babu! Nimekimbilia duka la dawa.

Asubuhi hii nilifunga kaboni mpya, vile vijiti vyeusi vya kupitisha umeme, kwenye mota ya gari langu la rimoti (mtacheka baadaye), nikaizungusha ndani ya glasi ya maji ili zijisage zikae sawa. Maji yakawa meusi tii. Nageuka tu kukausha mota, babu, miwani hana, kapiga funda akidhani ni kahawa yake! Nikamfokea mpaka glasi ikamponyoka. Anasema alitema kwenye sinki. Nimeangalia, sinki kavu.

Amejifungia chumbani. Gongeni mpaka ajibu. Akitapika, nipigieni hapo hapo. Vigae vya glasi nimezoa, lakini vaeni ndala.

Mota iko juu ya kitambaa. Inataka tone la mafuta ya cherehani kila upande wa shafti, isije ikashika kutu. ~~Asiiguse mtu!~~ Mpelekeeni babu aitie yeye. Mikono ikitetemeka, mwacheni amalize mwenyewe.

Amenuna, eti nathamini mota kuliko baba mzazi. Mwambieni mota nyingine nitanunua. Baba nitamnunua wapi?

Mama