Meza ya Japani na Mume Aliyezaliwa Kambini

Baba yangu,

Assalaam aleikum huko uliko. Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako nimemwachia aliyekuchukua, naye ni mwema kwako kuliko mimi. Basi pokea yangu. Nimeolewa. Niache niandike tena, maana neno hili ni tamu hata kwa kalamu. Nimeolewa, Baba. Fungate imekwisha juzi, hina bado imenikolea mpaka viwikoni, na kila nikishika sufuria naiona na kuanza kucheka peke yangu jikoni. Mama anasema nimepata wazimu. Sibishani naye.

Anaitwa Lali. Ana macho ya upole na kucha nyeusi za ufundi ambazo hata siku ya harusi hazikutakata, na nilizipenda zaidi kwa kukataa kwao. Akiniita jina langu nasikia kama kwamba limetungwa jana. Yatosha. Najua unatikisa kichwa. Najua pia swali lako la kwanza, kwa sababu ndilo ulilokuwa ukiliuliza gari lolote lililosimama mbele ya duka kabla hujauliza limeharibika nini: asili yake wapi?

Hilo ndilo ninalotaka kukueleza.

Duka lipo. Ami Athumani, ndugu yako, ndiye anayefungua asubuhi, nami nauza naye. Vipuri havijahama. Hukuvipanga kwa majina ya makampuni kama wafanyavyo wenzako wa sokoni, ulivipanga kwa nchi, na mpaka leo mteja mgeni akiingia husimama kidogo mpaka aambiwe yuko upande gani wa dunia. Meza ya Japani iko pale pale mlangoni: Toyota, Nissan, Isuzu, Mitsubishi na Suzuki wamelala pamoja kama watoto wa kitanda kimoja. Rafu ya Ujerumani bado tunaifuta vumbi kwanza, kwa kuwa ulisema Mjerumani hapendi kuguswa na mikono michafu. Peugeot wako Mfaransa yuko juu ya kabati. Sanduku la Italia liko karibu na kiti chako, la Fiat, ulilolipenda kupita haki kwa sababu lori la kwanza kulipanda maishani mwako, ulipoletwa Kismayu kijana kutoka kisiwani Chovai, lilikuwa Fiat. Na kule pembeni chini ya gunia liko sanduku la Urusi ambalo halijafunguliwa tangu nipate akili. "Warusi walirudi kwao," ulikuwa ukisema, "gari zao hazikuambiwa."

Jiografia yangu yote niliisoma hapo. Mwalimu wa sekondari alipouliza Sweden inajulikana kwa kitu gani nilijibu Volvo, darasa zima likacheka, naye akasema nimepata. Nilirudi nyumbani nikakwambia. Ulifurahi kana kwamba Volvo ni ya babu yako.

Lakini dunia haikutulia ulivyoiacha. Wachina wameingia mjini, na gari zao zinang'aa. Wakorea nao, Hyundai na Kia, wanahitaji meza yao wenyewe sasa, hatuwezi tena kuwabana mwisho wa meza ya Japani. Bajaji za Kihindi zimejaa barabarani kama kuku. Na yaliyo mazito zaidi, sijui kama yamekufikia: Land Rover, Mwingereza wako, amenunuliwa, mwenyewe sasa ni Mhindi. Volvo imeshikwa na Mchina. Fiat na Peugeot wamo nyumba moja, na anwani ya nyumba hiyo iko Uholanzi.

Hayo ya Wahindi na Wachina aliniambia Lali siku ya kwanza alipoingia dukani. Alikuja kutafuta chujio la mafuta la Suzuki. Ni fundi kwenye gereji moja karibu na bandari, alikuwa hajamaliza hata mwezi tangu atoke Mombasa alikojifunzia ufundi. Alisimama mlangoni, akatazama meza, rafu, kabati, kisha akasema polepole, "Hapa mmepanga kwa nchi." Hakuna mtu aliyewahi kuona bila kuambiwa. Nikamwambia ni kazi ya marehemu baba yangu. Akauliza, "Basi Land Rover leo angemweka wapi, na mwenyewe ni Mhindi?"

Nikajibu bila kufikiri, "Mwenyewe hubadilika. Asili haibadiliki."

Akatabasamu. Baba, tabasamu lile. Nikampa chujio lisilo lake. Akarudi kesho yake kubadilisha, na kesho kutwa akarudi kunishukuru kwa kumbadilishia. Ami akamwambia, "Kijana, Mjapani wako keshapona. Sasa anaumwa nani?"

Alipoleta posa, nilijua mambo yatakuwa magumu. Baba yake amekufa, mama yake amekufa. Wazee wawili wa upande wa mama walitoka Kiunga kwa boti, wakashukia Ras Kamboni, wakaja kwa gari mpaka kwetu, wamechoka, wamejaa vumbi. Ami alikaa mahali pako. Ndiye walii wangu sasa. Akikataa, hakuna ndoa, na mimi si msichana wa kutoroka. Mama na mimi tulikuwa nyuma ya pazia. Nilikuwa nimemshika Mama mkono nikimbana mpaka akanifinya niache.

Wazee walitaja ukoo wao vizuri. Ami akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Lali mwenyewe. "Na wewe, kisiwa chako kipi?"

"Wazee wangu ni wa Chovai, Ami."

"Sikuuliza wazee wako. Wewe umezaliwa wapi?"

"Kambini. Kenya."

"Kambi si kisiwa," Ami akasema. "Mchu, mtu wa Kibajuni, lazima awe na mahali kilipozikwa kitovu chake. Wewe hujakanyaga Chovai hata siku moja. Kesho ukichoka na Kismayu utakwenda zako, kwa maana huna kinachokurudisha. Nitamwambia nini ndugu yangu kaburini?"

Hapo niliumia, kwa sababu alikutaja wewe, nami sikujua ungesema nini. Ungemkubali? Wewe uliyeishi na swali moja mdomoni? Lali ameulizwa hivyo maisha yake yote, nami nikatamani kupasua pazia lile kwa meno.

Ndipo Mama akasema. Unajua Mama hasemi mbele ya wageni. "Shemeji, samahani. Lile pikapu lako, vipuri vyake unaviweka meza gani?"

Unakumbuka ugomvi ule. Ami alinunua Hilux, akafungua mlango, akasoma kibati kwamba limeundwa Thailand, akaja dukani analia kuwa ameuziwa gari si asli. Mkabishana siku nzima wateja wakingoja. Nawe ukasema, "Athumani, huyu amezaliwa ugenini, lakini ramani ya mwili wake ilichorwa Japani. Mtie kipuri cha Japani. Kikikaa, ndiye."

"Meza ya Japani," Ami akajibu, kwa sauti ndogo.

Wale wazee hawakuelewa kitu, wakaangaliana. Ami akajitetea, "Gari halioi, shemeji," na Mama akasema, "Ni kweli. Gari halikai mlangoni likaulizwa lilipozaliwa, likavumilia." Akavuta mtandio wake.

Ami hakukataa. Hakukubali pia. Alisema, "Kipuri hujaribiwa kwa kutiwa. Nitakwenda naye Chovai, nione kama kitakaa." Baba, nilizisubiri siku zile kama mwenye jino linalouma. Sikula vizuri. Nilimuuzia Msomali mmoja taa ya Mjerumani kwa gari la Mfaransa, akairudisha akiniita daktari wa kubadili macho.

Haya yanayofuata nasimulia kama Ami alivyotusimulia, kwa kuwa Lali ukimuuliza husema tu, "Tulifika, tukarudi."

Boti ilimchafua Lali tumbo. Aliposhuka alikuwa kijani, miguu haijui kukanyaga mawe ya pwani, na vijana wa pale wakaanza kumcheza shere. "Mpeni kiti Mombasa," wakasema. "Mombasa, shikilia ardhi isikuponyoke." Ami alifurahi, hakuficha. Alidhani kazi imekwisha kabla ya chai.

Kisha Lali akaomba aonyeshwe kisima cha nyuma ya msikiti. Vijana wakamwambia hakuna kisima nyuma ya msikiti. Akasema, "Kipo. Ukitoka mlangoni ushike mkono wa kuume, upite ukuta wa nyumba ya fundi wa mashua, kisima kiko chini ya ukuta, na mdomo wake umemeguka upande mmoja, ndipo wanawake hupumzisha ndoo." Wakamcheka zaidi. Yeye akaendelea tu, kama mtu anayesoma Kurani kwa moyo: nyumba ya nani inafuata ya nani, mlango upi uliangalia bahari, mahali watoto walipokatazwa kucheza.

Ni mama yake, Baba. Kule kambini walingoja kuitwa na watu wa kuhoji, wageni ambao kabla ya kukupa hifadhi ng'ambo wanataka uthibitishe kuwa wewe ni Mbajuni kweli na kisiwa unachokitaja unakijua. Basi mama yake aliwakalisha watoto baada ya Magharibi, akawafundisha Chovai nzima, nyumba kwa nyumba, akichora kwenye mchanga wa nchi ya mbali na bahari. Na walipoitwa, Lali alionekana mdogo mno. Hakuna aliyemuuliza hata swali moja. Amekaa na majibu yale tangu utoto.

Ami hakucheka tena. Alikwenda mwenyewe nyuma ya msikiti, akapita palipokuwa na ukuta, akaanza kusukuma mchanga na majani kwa kiatu. Yakatokea mawe yamepangwa duara. Upande mmoja yamemeguka. Kisima kilizibwa baada ya watu kukimbia vita, na vijana wale wamezaliwa baadaye, hawakijui. Ami aliteka maji pale alipokuwa mtoto. Nawe pia, kumbe.

"Nilikaa chini," Ami alitwambia, na chai ikampoa mkononi. "Hawa wa leo wanaishi Chovai ya leo. Mchu huyu anaishi katika ile yetu. Sikujua kama imebaki kwa mtu mwingine."

Sasa nikuulize, Baba, si kwa kukulaumu. Mbona kisima kile hukunihadithia? Ulinihadithia Torino, ambako Fiat ilizaliwa. Ulinihadithia Stuttgart ya Mercedes na Hiroshima ya Mazda, miji ambayo hukuiona hata kwenye televisheni kwa raha. Chovai ulisema tu, "Nilitoka huko," kisha ukachukua spana. Nilidhani ni kisiwa kidogo kisicho na la kusema. Nimekaa nikafikiri, na nadhani nimekujua kidogo zaidi. Kuuliza gari linatoka wapi hakuumi. Gari halikumbuki.

Sasa nakijua kisiwa chako. Asubuhi chai ikichemka, Lali hunitembeza humo kwa maneno. Hukaa kwenye kibao cha mbuzi, maskini, magoti yanagusa kidevu, akasema, "Leo tupite upande wa kusi," nami naacha mandazi yaungue. Juzi tulipita nyumba ambayo mama yake alimwambia ni ya mwenye watoto wawili wa kiume, mmoja mpole, mmoja mbishi. Tulitazamana tukacheka mpaka machozi yakatutoka. Sisemi mbishi alikuwa nani. Bado ana pikapu.

Siku ya nikaha Ami alishika mkono wa Lali, akataja jina langu na jina lako, "binti wa marehemu ndugu yangu," na sauti ikamkatika palepale. Kadhi akangoja. Watu wote wakangoja. Nilikuwa chumbani na wanawake, tukasikia ile nafasi tupu kama mtu aliyesimama mlangoni, na Mama akaniambia sikioni, "Ndiye huyo, amefika." Kisha Ami akamaliza, na vigelegele vikafunika kila kitu.

Sitaki kukuchosha. Mikono imechoka kuandika, na mume wangu, nalipenda neno hili, mume wangu, karibu atarudi kula. Ila kuna jambo moja nimelifanya bila kukuomba ruhusa.

Kaburi la baba yake liko kambini, la mama yake pia, na kambi ile iko mbali, na sehemu walipozikwa imejengwa hema juu ya hema. Usiku wa Ijumaa aliniambia wenzake wote wa gereji hutoka baada ya sala kwenda kuzuru wazee wao, naye hubaki kufagia. Hakulia. Alisema tu kama anavyosema bei ya kitu. Nami nikampa wewe.

Basi Ijumaa inayokuja, inshallah, atakuja. Mimi nitasimama nje ya ukuta wa makaburi kama ilivyo ada yetu. Ataondoa majani, atakusomea Yasini, na naahidi atakuja kila Ijumaa ambayo Mungu atatupa uzima, hata siku nitakazokuwa mgonjwa au mvivu mimi. Utasikia mtu anakusalimia kwa Kiswahili cha Mombasa, mguu mzito, sauti ya chini. Usimuulize anatoka wapi, Baba. Muitikie tu. Ni mwanao.

Mwanao wa kike, mke wa Lali,

Fatuma